Kinga-mburuzo: ABS na taa yake ya njano kwenye gari-nyumba la zamani

Kwa dereva anayezungumza Kiswahili, kufunga breki ni kusimamisha gari. Mbuzi kakatiza barabara, nikafunga breki, basi. Sasa chukua jina la Kiingereza la ABS ulifasiri neno kwa neno: utapata "mfumo wa breki wa kuzuia kufunga", yaani breki zinazokataa kazi yake. Sarufi ni safi, maana imepinduka. Wengine hutia kiambishi -ji- wakasema "kujifunga". Inasaidia kidogo, ingawa shabiki wa mpira akilisikia neno hilo atamfikiria beki aliyeutia mpira kwenye lango lake mwenyewe.

Kinachozuiwa kufunga ni gurudumu. Ukikanyaga breki kwa nguvu kwenye lami yenye maji, gurudumu linaweza kuacha kuzunguka wakati gari bado linakwenda. Tairi linaburuzwa, unazungusha usukani, gari halikufuati. Bosch walipouingiza mfumo huu sokoni mwaka 1978, kwenye Mercedes-Benz S-Class, Wajerumani waliuita Antiblockiersystem, na ndiyo maana herufi tatu zile zile zinatumika kwa Kijerumani na Kiingereza. Kwa Kiswahili napendekeza "kinga-mburuzo", kwa sababu mburuzo ndio dereva anaousikia na kuuona: mlio wa tairi na michirizi myeusi barabarani. Gereji wataendelea kusema ebiesi, wala sioni ubaya.

Jina linaanza kuwa na uzito pale taa ya njano inapowaka. Tuseme tuna gari-nyumba la Kimarekani la mwanzoni mwa miaka ya 1990, lililojengwa juu ya chesi ya Ford E-350: mbele ni kabini ya van, nyuma ni chumba chenye kitanda, jiko na choo. Taa ya ABS imewaka na mwenye gari anadhani breki zimekufa. Hazijafa. Kompyuta ya kinga-mburuzo imeona kasoro katika mfumo wake ikajitoa kazini. Pedali, mafuta ya breki, padi na dramu vinafanya kazi kama kwenye gari lisilokuwa na mfumo huo tangu kiwandani. Taa nyekundu ya breki ni habari nyingine. Hiyo ikiwaka unaegesha pembeni na kuangalia mafuta ya breki kabla ya jambo lolote.

Herufi hizo tatu zinaficha kitu kingine. Magari mengi ya kazi ya Ford ya kipindi kile, kuanzia pikapu za F-Series za mwaka 1987, yalikuwa na kinga ya magurudumu ya nyuma peke yake. Sababu ilikuwa mzigo: pikapu tupu ni nyepesi nyuma, ukifunga breki kwa ghafla magurudumu ya nyuma yanaburuza na mkia wa gari unazunguka. Gari-nyumba haliwi tupu hata siku moja, maana kitanda na jiko havishuki, lakini lilirithi mfumo ule ule. Kwa hiyo hata taa ikiwa imezima na kila kitu ni kizima, magurudumu ya mbele yanaweza kuburuza na usukani ukakosa kazi. Aliyezoea gari dogo la kisasa, ambalo unakanyaga pedali na kuishikilia, anatakiwa kulijua hilo kabla ya kuteremka mlima.

Uchunguzi wenyewe hauhitaji mashine ya bei. Anza na betri, kwa sababu gari-nyumba hukaa miezi bila kuwashwa, na umeme ukiwa mdogo kompyuta inaweza kulalamika bure. Kisha fyuzi. Ukimaliza hapo tafuta plagi ndogo ya uchunguzi ya mfumo huu: swichi ikiwa imewashwa, waya wake ukigusishwa kwenye bodi kwa sekunde moja au mbili, taa inaanza kupepesa. Hesabu mipepeso mifupi, kisha ujumlishe na ule mrefu unaoifuata. Lakini usizime gari kwanza, kwa sababu kwenye mifumo hii ya zamani namba hupotea ukizima. Kumi na sita maana yake mfumo hauna kasoro. Tisa na kumi zinahusu ukinzani wa sensa, ya kwanza ukiwa mkubwa mno, ya pili mdogo mno. Sita ndiyo yenye kuchosha: mawimbi ya sensa yanakuja na kupotea.

Sensa ni moja tu na iko juu ya difu, imeshikiliwa kwa bolti moja. Ndani yake mna sumaku na koili. Meno ya pete iliyo ndani ya difu yanapopita karibu yake, umeme mdogo unazaliwa, na kompyuta inausoma kama mwendo. Spidomita hutegemea sensa hiyo hiyo. Kwa hiyo mshale wa mwendo ukirukaruka siku taa ilipowaka, usihangaike na pampu wala padi, ingia chini ya gari moja kwa moja. Pima ukinzani kwenye sensa yenyewe. Wa kawaida ni kati ya omu 900 na 2,500 hivi. Rudi upime tena kwenye plagi ya kompyuta. Vipimo visipolingana, tatizo liko kwenye waya katikati. Hapo angalia hasa sehemu ambazo mtu amekata na kuunga ili kuwasha taa za gari dogo linalokokotwa nyuma, kwa kuwa kompyuta hiyo inasoma pia swichi ya taa za breki. Panya nao hawana adabu na waya za gari lililolala kipupwe chote.

Vipimo vikiwa sawa pande zote mbili na namba bado ni sita, fungua bolti, uchomoe sensa. Ncha yake ni sumaku, hukusanya kila chembe ya chuma iliyomo kwenye oili ya difu. Unga mweusi laini kama masizi ni uchakavu wa kawaida: futa kwa kitambaa, badilisha ringi ya mpira kama imekakamaa, rudisha. Ukikuta vipande unavyoweza kuvishika kwa kucha, iache taa iendelee kuwaka na ufungue kifuniko cha difu.