Kisima cha Karatasi

SEHEMU YA NNE

ILIPOISHIA: Talaso, mtangazaji wa redio ya jamii, alikuta bahasha imesukumwa chini ya mlango wa studio. Ndani mlikuwa na ukurasa mmoja wa ripoti ya miradi ya kaunti: kisima cha pili cha mji kimechimbwa, kimekamilika, kimekabidhiwa kwa wananchi. Hakuna mwananchi aliyewahi kukiona. Jioni hiyo Talaso aliusoma ukurasa ule hewani, kwenye taarifa za mji. Alipofika mstari wa fedha, studio ikazimika ghafla na mlango ukafunguliwa. SASA ENDELEA...

"Usiwashe tochi."

Talaso alikuwa ameshaiwasha. Mwanga wa simu ulimwangukia Meneja wake, kandambili miguuni, waya wa betri mkononi.

"Kumbe ni wewe uliyezima?"

"Ni mimi. Ningechelewa dakika mbili, kesho nisingekuwa na redio ya kuzima." Akaketi juu ya kreti la soda. "Tangazo la chanjo ya mbuzi analipa nani? Kaunti. La basari? Kaunti. Fundi wa mtambo akiitwa kutoka Marsabit, nauli yake inatoka wapi?"

"Sikumtukana mtu. Nimesoma karatasi yao."

"Hilo ndilo baya zaidi. Tusi lingesahaulika."

Akanyoosha mkono. Talaso akampa karatasi bila ubishi, jambo ambalo lingepaswa kumtia Meneja shaka, kwa maana walikuwa wamefanya kazi pamoja muda wa kutosha kujuana. Aliyopewa ilikuwa fotokopi. Ile ya kwanza ilikuwa nyumbani kwa shangazi yake, ndani ya kopo la majani ya chai.

*

Kesho yake palikuwa na kikao cha bajeti.

Kwa msomaji asiyewahi kufika pembe ile ya Kenya: ukitoka Marsabit kwa barabara ya Moyale, unaiacha lami pale Bubisa, unashika njia ya Maikona na Kalacha, na kuanzia hapo gari lako liko mikononi mwa Mungu. Mbele yako ni Chalbi, sakafu ya ziwa la kale lililokauka. Kiangazi ni chumvi nyeupe juu ya udongo uliopasuka, na upepo usiojua adhuhuri wala usiku wa manane. Mvua ikinyesha huko milimani, maji huteremka yakatandaa, na jangwa likageuka ziwa la kina cha kifundo cha mguu lenye uwezo wa kumeza magurudumu ya loli. Watu wa mji huu wamewahi kuzika mifugo kwa ukame na kukwama kwenye matope, tena mahali pale pale.

Mwaka ule mvua ilikuja kwa hasira. Misimu mitano mfululizo ilikuwa imepita bila mvua ya maana tangu mwisho wa 2020, na makundi ya ngamia yaliyokuwa fahari ya Wagabra yakabaki ya kuhesabika. Ungedhani baada ya hapo hakuna kikao ambacho kingefunguliwa kwa neno lolote ila maji.

Lakini bajeti ina kalenda yake. Makadirio hufikishwa kwenye bunge la kaunti ifikapo tarehe 30 Aprili. Mwaka wa fedha hufungwa tarehe 30 Juni. Katikati hapo maofisa huja kuwauliza wananchi wanataka nini. Wananchi husema maji. Maofisa huandika. Mwaka unaofuata huulizwa tena.

Walikusanyika chini ya mgunga mkubwa mbele ya ofisi ya chifu, wazee kwenye mabenchi, akina mama chini juu ya mikeka, vijana wa bodaboda wamekaa juu ya pikipiki zao kwa nyuma, tayari kuondoka maneno yakiwachosha. Msimamizi wa wadi, ambaye mji mzima unamwita Admini, alisoma mapendekezo: ua wa soko la mifugo, chumba cha kujifungulia zahanati, na milingoti miwili ya mulika mwizi.

Vijana wakapiga honi kwa furaha. Msiwacheke. Usiku mji ule ni giza tupu, nge na nyoka hawana adabu, na mwenye pikipiki anataka kufanya kazi baada ya magharibi.

Mama Bokayo, anayeuza maji pale kioskini, alisimama akijipangusa vumbi.

"Hizo taa zitammulika nani? Mwizi wa mji huu hatembei usiku."

Kicheko kilizunguka mti mzima. Hata chifu aligeuka upande.

"Mimi nauza mtungi shilingi 5," aliendelea. "Pampu ikiharibika, na siku hizi inaharibika kila wiki, linakuja boza la watu tusiowajua, linauza mtungi ule ule shilingi 50. Jana jioni redio imetuambia tuna kisima cha pili. Bwana Admini, sisi hatutaki maneno mengi. Tuonyeshe tu, tukachote."

Admini hakukasirika. Hilo ndilo lililomtisha Talaso. Alifungua faili taratibu, akainua kurasa tatu zilizobanwa pamoja.

"Huo ni mradi wenu. Kikao kilikaa, mkajadili, mkaidhinisha. Majina yenu haya hapa. Saini hizi. Asiyejua kuandika, kidole chake hiki."

Karatasi ikapita mkono kwa mkono. Watu walitafuta majina yao, wakayapata. Mama Bokayo aliikazia macho, akaileta karibu na uso, kisha akaitupa magotini mwa aliyekaa kando yake.

"Hii ni ile siku ya chai na mandazi! Mlituambia tunaandikia nauli!"

Ukurasa wa juu ulikuwa umebadilishwa, saini zikabaki. Tangu Katiba ya 2010 ilipoamuru wananchi washirikishwe, wapo maofisa waliogundua kwamba kushirikishwa kunaweza kupimwa kwa karatasi ya mahudhurio, na kwamba karatasi hiyo hujaa haraka pale penye birika la chai. Sijui hila nyepesi kuliko hiyo. Haihitaji mtu kughushi saini hata moja.

Talaso aliinua mkono. "Naomba nakala ya kumbukumbu za kikao hicho."

"Leta ombi kwa maandishi, dada. Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inanipa siku 21."

"Mbuzi wangu watakuwa mifupa!" akadakia mama mmoja.

"Sheria hiyo hiyo," Talaso alisema, "inakupa saa 48 tu kama uhai wa mtu uko hatarini."

Admini alimtazama kwa mara ya kwanza asubuhi ile. "Na hapa ni nani anayekufa?"

Watu waligeuza shingo kumtazama Mzee Guyo, wakimngoja kama desturi. Yeye ni aba herega, mzee wa zamu ya kisima. Kabla ya kaunti, kabla ya chifu, mtu wa namna yake ndiye aliyepanga ngamia wa nani watangulie kunywa na mbuzi wa nani wangoje, na neno lake halikukatiwa rufaa. Kamati ya maji ina katibu na muhuri, lakini ugomvi wa foleni ukipamba moto, anayeitwa ni Guyo. Hajawahi kukaa kikaoni bila kuongea nusu saa.

Siku hiyo alisimama, akaegemea fimbo yake, akasema maneno machache tu.

"Chalbi imejaa. Huko ng'ambo hakuendeki sasa kutazama kitu. Maji yakauke kwanza. Tufunge kwa dua."

Mikono ikainuliwa. Talaso naye aliinua yake, midomo ikitaja amina, akili ikiwa mbali. Ukurasa ule haukuwa na ramani. Admini hakutaja mahali. Mama Bokayo hakutaja mahali.

Nani alikuwa amesema kisima kiko ng'ambo?

*

"Njia ya chini imefungwa," Galgalo, kijana wa bodaboda, alisema huku akipima mafuta ya pikipiki yake kwa kuitikisa. "Tuzunguke juu, kwenye mawe."

Yale mawe meusi ya volkano yanavunja mgongo wa mtu na tairi la pikipiki kwa pamoja. Walitoboka mara moja, wakaziba, wakaendelea. Saa tisa hivi Galgalo alipunguza mwendo, akaonyesha chini kwa kidole cha mguu. Alama za magurudumu mapana. Si za jana. Ni za leo.

"Boza," alisema. "Tena lilipita likiwa na mzigo. Ona linavyozama."

Wakaliona eneo lenyewe walipopanda kilima cha mwisho: ua wa waya, safu ya paneli za sola zimeelekea jua, kibanda cha mabati, na tangi jeusi la lita 10,000 juu ya msingi wa saruji. Hapakuwa na kibao cha mkandarasi wala cha kaunti. Pampu ilikuwa inanguruma.

Basi karatasi haikusema uongo. Talaso alikuwa amejiandaa kukuta mchanga mtupu. Alikuwa hata ameshatunga sentensi ya kwanza ya habari yake. Sentensi hiyo haikuwa na kazi tena.

Mlango wa kibanda ukafunguka. Mzee Guyo akatoka, ufunguo ukining'inia shingoni.

"Mmechelewa," alisema.

Galgalo alimnong'oneza Talaso, "Amefikaje kabla yetu?" Swali hilo halikupata nafasi.

"Mzee, kule kikaoni hakuna aliyetaja ng'ambo isipokuwa wewe."

"Nilitaja ili usikie wewe peke yako. Wengine walikuwa wanawaza chakula cha mchana."

"Na bahasha?"

"Mimi sijui kusoma, binti yangu. Lakini mtu akiificha karatasi, najua ipi ni ya kuibwa."

Akaketi kwenye kivuli cha tangi, akaanza kueleza kwa sauti ya chini. Malisho ya upande ule ni akiba. Mababu waliyafunga, hayalishwi mpaka kiangazi kibaya. Ukichimba maji pale kwa kila mtu, watu wanajenga. Wakijenga, miti inakwisha. Miti ikiisha, mwaka wa ukame ukifika hamna pa kukimbilia. Kwa hiyo maofisa walipomjia, aliwapa sharti: chimbeni, kifungwe, ufunguo ukae kwa aba herega hadi siku ya shida.

"Nilikubali kwa mdomo. Wao wakanipakaza wino kidoleni. Leo boza linakuja mara mbili kwa wiki, linawauzia majirani zangu maji yao wenyewe. Na pampu ya mjini, unadhani inaharibika yenyewe?"

"Kwa nini hukusema, babu?"

"Ningesema nini? Kwamba ni mimi niliyewaficha watu kisima?"

Kinasa sauti cha Talaso kilikuwa kinawaka mfukoni tangu walipofika. Alikuwa anatafuta namna ya kumwambia mzee jambo hilo wakati Galgalo, aliyekuwa amerudi juu ya kilima, alipopiga mluzi na kuisukuma pikipiki nyuma ya mawe.

Mngurumo wa injini. Si moja. Mbili.

Mzee Guyo aliinuka upesi kuliko umri wake. "Leo si siku yao." Akatazama ua, akatazama kibanda chenye mlango mmoja, kisha akatazama juu. "Panda. Ingia humo. Koki nimeifunga tangu asubuhi, tangi ni tupu."

Talaso alipanda ngazi ya chuma, akajipenyeza kwenye mdomo wa tangi, akaangukia magoti. Kifuniko kilirudishwa juu yake, akasikia kikizungushwa. Giza, joto, harufu ya plastiki. Taa ndogo nyekundu ya kinasa sauti ndiyo pekee aliyoweza kuiona.

Milango ya gari ikabamizwa. Admini alisalimia kwa heshima zote, akauliza hali ya ngamia, akauliza hali ya wajukuu. Kisha ikasikika sauti nyingine, na Talaso hakuhitaji kuiona sura ya mwenye sauti hiyo. Ndiyo iliyofungua matangazo kila asubuhi saa kumi na mbili.

"Aliyonipa jana ni fotokopi," Meneja alisema. "Ile yenye muhuri bado anayo. Nimeshamtuma kijana kwa shangazi yake. Atapekua hadi kwenye makopo."

"Na msichana mwenyewe?"

"Ameonekana akitoka mjini na bodaboda. Kama amekuja huku, mzee atakuwa amemwona. Au siyo, mzee?"

Kimya. Talaso alizuia pumzi.

"Huku wanakuja fisi tu," Guyo alijibu.

"Haya. Mbona tangi halina kitu? Boza liko nyuma yetu linapanda. Fungua koki."

"Imekwama."

"Hebu nione."

Chuma kililia. Juu ya kichwa cha Talaso bomba likakohoa mara moja, likatema hewa, kisha maji yakamshukia mabegani kwa nguvu iliyompiga ukutani. Yalikuwa ya moto kutoka ardhini, yenye chumvi. Yakafika vifundoni. Yakafika magotini. Binti wa Chalbi, hajawahi kuogelea maishani mwake.

Kinasa sauti alikiinua juu kwa mkono mmoja. Kwa mkono mwingine alisukuma kifuniko. Hakikutikisika. Akasukuma kwa bega, kwa nguvu zake zote, maji yakiwa kiunoni, na hapo akahisi kwamba kilichokizuia si kufuli wala jiwe.

Kilikuwa na uzito uliosogea. Kulikuwa na mtu amekalia kifuniko.

ITAENDELEA JUMAMOSI IJAYO