Mlima wa Rangi Moja

Kesho alfajiri tokeni nje, mtazame milima ya Usambara iliyosimama juu yenu. Kabla jua halijapanda, migomba haionekani, wala nyumba. Kila kitu ni rangi moja. Mlima wa karibu ni mweusi, wa nyuma yake ni wa kijivu, na wa mbali kabisa karibu ufanane na wingu.

Mchoraji mwenye wino mweusi na maji hufanya vivyo hivyo. Wino wa kale ni masizi na gundi. Kwanza hupaka mlima wa mbali kwa maji mengi na wino kidogo, hungoja pakauke, kisha huzidisha wino kwa mlima wa karibu. Asipongoja, milima huvujiana ikawa tope. Wachina wameijua kazi hii kwa zaidi ya miaka 1,000. Picha ya milima aliyoichora Guo Xi mwaka 1072 ipo hata leo.

Wazungu waliofika kwetu walikuwa na haja nyingine. Krapf alifika Vuga, kwa Mfalme Kimweri ye Nyumbai, mwaka 1848; Burton na Speke mwaka 1857. Wasafiri wa siku hizo walichora kwa kalamu ya risasi na kupaka maji ya rangi. Huko Ulaya fundi aliuchonga mchoro katika ubao, ukapigwa chapa kwa wino mweusi, maana chapa ya rangi ilikuwa ghali. Basi wasomaji wengi wa London waliijua Afrika kwa nyeusi na nyeupe.

Hapo tuwe na macho. Mlima wa mbali, ukichorwa hivyo, hauonyeshi shamba la mtu. Na Washambaa walikuwa na migomba, na mifereji ya maji, na mfalme ambaye amri yake ilifika hata pwani! Mwaka 1895 Serikali ya Wadachi ilitangaza kwamba ardhi isiyo na mwenyewe ni mali ya Serikali. Sisemi kwamba picha ndizo zilizoleta tangazo lile. Lakini mtu aliyezoea kuiona nchi kama ukungu na miamba, angemtafuta wapi mwenyewe?

Kazi ya wiki hii: kwangueni masizi ya sufuria, yasageni kwa maji na gundi ya mgunga, mchore mlima wenu. Mwenye shamba huko juu alitie mahali pake, kwa wino mzito.