Kadi Mbili, Skrini Moja: Kupanda na Kushuka kwa Ndoto ya Wacheza Gemu

Mapema mwaka 1998 mvua za El Nino zilikuwa zimegeuza barabara za udongo za Mugirango Kaskazini, Nyamira, nchini Kenya, kuwa matope, na malori ya kubeba majani chai yalikuwa yakikwama njiani. Usiku wa Ekerenyo, soko la huko, ulikuwa wa koroboi katika nyumba nyingi. Simu ya mkononi haikuwa imefika. Safaricom na Kencell zilikuja kuwafungulia Wakenya wa kawaida mlango huo mwaka 2000. Februari ya mwaka huo wa mvua, kampuni ya 3dfx ya San Jose, California, iliingiza sokoni kadi ya michoro iliyoitwa Voodoo2, na pamoja nayo wazo lililotawala ndoto za wacheza gemu kwa zaidi ya miaka 20: ukitaka picha kubwa na safi zaidi, nunua kadi mbili uzifunge katika kompyuta moja.

Leo kijana wa Ekerenyo akifungua YouTube kwenye simu yake anaziona kompyuta hizo, zina kioo ubavuni, taa za rangi, na kadi mbili nene zimelaliana zikiunganishwa na daraja dogo juu. Baadaye anapita kwenye maduka ya kompyuta kuukuu mjini Kisii au Nairobi, anakuta kadi za aina hiyo zimeshuka bei, na hesabu inamjia haraka: mbili za bei rahisi si zitaishinda moja ya bei ghali? Makala hii ni kwa ajili yake, maana hesabu hiyo ilipigwa na matajiri wa Marekani, Ulaya na Asia kabla yake, na jibu walilolipata lina historia ndefu.

Kadi ya michoro ndiyo inayochora kila kitu unachokiona kwenye skrini. Skrini ni vitone vya rangi, yaani pikseli, na kadiri vitone vinavyozidi ndivyo kazi inavyoongezeka. Voodoo2 moja, iliyouzwa dola 299 ikiwa na kumbukumbu ya megabaiti 12, iliweza kuchora gemu kwa pikseli 800 kwa 600. Ukiweka mbili ulifika 1024 kwa 768, na mwaka 1998 huo ulikuwa utajiri. Zilifanya kazi kama wachumaji wawili wa chai wanaogawana mistari ya shamba: moja ilichora mistari ya kwanza, ya tatu na ya tano, nyingine ikachora ya pili, ya nne na ya sita. Mpango huo uliitwa SLI. Naona ulikuwa mpango bora kuliko yote iliyofuata, kwa sababu kadi zote mbili zilifanya picha ileile kwa wakati uleule, na hakuna iliyomtangulia mwenzake.

3dfx haikudumu. Mwaka 2000 ilitoa Voodoo5 5500 yenye chipu mbili kwenye kadi moja, na Voodoo5 6000 ya chipu nne haikuwahi kufika madukani kwa kawaida. Desemba ya mwaka huo mali zake zilikubaliwa kuuzwa kwa mshindani wake, Nvidia.

Nvidia ililiweka wazo hilo kabatini hadi mwaka 2004. Madabodi mpya, yaani mbao kuu za kompyuta, zenye nafasi za PCI Express zilikuwa zimeleta nafasi ya kadi mbili zenye kasi, na jina SLI likafufuliwa kwa kadi za GeForce 6800. Mwaka uliofuata ATI ya Canada ilijibu kwa CrossFire, ambayo mwanzoni ilizifunga kadi zake kwa kebo nyuma ya kompyuta. AMD iliinunua ATI mwaka 2006, na ushindani ukabaki wa nyumba mbili hadi mwisho.

Lakini jina lilirudi na kazi tofauti. Mtindo uliotumika zaidi sasa haukugawana mistari, uligawana picha nzima: kadi ya kwanza inachora picha namba moja, ya pili inachora namba mbili, ya kwanza inarudi kwa namba tatu. Gemu likikimbia kwa picha 60 kwa sekunde, kila picha ina takriban milisekunde 17 za kuchorwa, na kadi mbili zikipokezana kila moja inapata nafasi ya kupumua. Kwenye karatasi kasi inakaribia kuwa maradufu. Ili upokezanaji huo ufanikiwe, hata hivyo, kampuni ililazimika kuandika ndani ya draiva, yaani programu inayoiendesha kadi, maelekezo maalumu ya kila gemu. Gemu lisilo na maelekezo lilitumia kadi moja, na ile ya pili ikakaa kimya ikipasha joto sanduku.

Ukitazama kutoka vilima vya Nyamira, hapo ndipo pa kusimama. Mwenye kadi mbili alikuwa amenunua chuma, lakini ufunguo wa chuma hicho ulibaki California na ulitumwa kwa intaneti, gemu baada ya gemu, mwezi baada ya mwezi, katika mafaili ya mamia ya megabaiti. Kenya ilitegemea setilaiti kwa mawasiliano yake ya nje hadi nyaya za chini ya bahari za TEAMS na SEACOM zilipotia nanga Mombasa mwaka 2009. Saiba za mijini ziliuza intaneti kwa dakika. Kwa mtu wa soko la Ekerenyo kushusha draiva mpya kila gemu linapotoka ilikuwa gharama juu ya gharama, na bado data ya simu hununuliwa kwa kipimo.

Wakenya hawakungojea kadi mbili ili waingie kwenye gemu. Mwaka 2007 Wesley Kirinya alitoa The Adventures of Nyangi, gemu la pande tatu lililotengenezwa Kenya, na mwaka 2009 akashirikiana na Mghana Eyram Tawia kuanzisha Leti Arts. Mwaka 2015 Andrew Kaggia na Black Division Games walitoa Nairobi X, ambamo jiji letu linavamiwa na viumbe kutoka anga. Sylvia Gathoni, anayejulikana kama QueenArrow, alisajiliwa mwaka 2018 na timu ya Marekani ya XiT Gaming kwa ustadi wake wa Tekken 7, gemu ambalo mwendo wake umefungwa kwenye picha 60 kwa sekunde, kwa hiyo kadi ya pili isingemwongezea ngumi hata moja. Huko mashinani, katika vibanda vya PlayStation sokoni, FIFA ilichezwa na vijana kwa zamu mbele ya televisheni moja, na mashine ile ilikuwa na chipu moja tu ya michoro.

Tuseme haki pia: kuna kipindi ambacho kadi mbili zilikuwa na sababu ya kweli. Skrini za 4K zilipoingia mwaka 2013 ziliikuta dunia haijajiandaa. Skrini ya kawaida ya 1920 kwa 1080 ina pikseli milioni mbili na kidogo. Ya 4K ina milioni 8.3, mara nne kamili. Asus ilipotoa PQ321Q ya inchi 31.5 kwa dola 3,499, ili picha iende mara 60 kwa sekunde kompyuta ililazimika kuiona kama skrini mbili zilizosimama bega kwa bega. Hakuna kadi moja ya wakati ule iliyoweza kuendesha magemu mazito vizuri kwa wingi huo wa pikseli. Aliyetaka 4K alihitaji mbili.

Mwaka 2014 ndio uliokuwa kilele cha mashindano. Mwezi Aprili AMD ilileta R9 295X2, chipu mbili kwenye ubao mmoja, ikipozwa kwa maji, ikila wati 500, kwa dola 1,499. Mwezi Mei Nvidia ikaingiza sokoni Titan Z, chipu mbili, wati 375, dola 2,999. Waliozipima waliona kwamba kadi ya AMD, kwa nusu ya bei, ilienda sawa na mwenzake au kumshinda katika magemu ya 4K. Hukumu yangu haitofautiani na yao: kati ya kadi zote za chipu mbili zilizowahi kuuzwa, 295X2 ndiyo iliyotoa thamani ya pesa, na Titan Z ilikuwa bei kubwa iliyotafuta kazi ya kufanya. Kwa thamani ya shilingi ya mwaka ule, Titan Z ilizidi shilingi 250,000 kabla ya usafiri na ushuru. Ni fedha ambazo familia nyingi za Nyamira zinazokuza chai na ndizi zinaziwekea mpango wa karo ya miaka.

Hata waliozimudu walikuwa na lalamiko moja, na kwa muda mrefu hawakuaminiwa. Namba kwenye kona ya skrini ilisema picha 60 kwa sekunde, lakini macho yalisema gemu linasitasita. Septemba 2011 Scott Wasson wa tovuti ya The Tech Report aliacha kuhesabu wastani wa sekunde nzima, akapima muda wa kila picha peke yake. Ndipo ugonjwa ulipoonekana: kadi mbili zikipokezana, picha mbili zinaweza kufika karibu zimegusana, kisha pengo, kisha nyingine mbili. Wastani unabaki mzuri huku mchezo ukichechemea. Mwaka 2013 vipimo vya kina zaidi vilionyesha kwamba baadhi ya picha za CrossFire zilikuwa vipande vyembamba visivyomfaa mchezaji ila kuongeza hesabu, na Agosti mwaka huo AMD ikaanza kutoa draiva ya kurekebisha mwendo. Ninaithamini kazi ya Wasson kuliko kadi yoyote iliyotajwa hapa. Aliwapa wanunuzi kipimo cha kujua wanachouziwa.

Kilichoua kadi mbili hatimaye kilitoka ndani ya magemu yenyewe. Watengenezaji waligundua kwamba picha mpya huchorwa vizuri na kwa gharama ndogo ukitumia yaliyomo kwenye picha iliyotangulia, hasa katika kulainisha kingo zenye meno. Sasa fikiria: picha namba mbili inahitaji namba moja, na namba moja iko kwenye kadi nyingine. Lazima kadi hii ingoje ile, na faida ya kupokezana inayeyuka. DirectX 12, mfumo unaounganisha magemu na kadi, ilipokuja mwaka 2015 iliwakabidhi watengenezaji wa magemu jukumu la kuzisimamia kadi hizo wenyewe. Wachache walijaribu, Ashes of the Singularity likiwa mfano unaokumbukwa, na wengi hawakuona sababu ya kufanya kazi ya miezi kwa ajili ya wateja wachache.

Kuanzia hapo milango ilifungwa mmoja mmoja. GTX 1060 ya Nvidia ya mwaka 2016 haikuwa na nafasi ya daraja. Radeon RX 5700 za AMD za mwaka 2019 hazikuunga mkono CrossFire. Mwaka 2020 Nvidia ilitangaza kwamba kuanzia Januari 1, 2021 haitaandika tena maelekezo mapya ya SLI kwa kadi zake zilizopo. RTX 4090 ya Oktoba 2022 ilikuja bila kiunganishi chochote, ikifanya peke yake kazi ya 4K ambayo miaka minane nyuma ilidai chipu mbili na maji ya kuzipoza.

Tuzungumzie stima, kwa sababu wengi husahau. Kompyuta ya kadi mbili za enzi zile ikicheza kwa nguvu zote iliweza kukaribia wati 1,000, na wati 1,000 kwa saa moja ni yuniti nzima ya tokeni. Mitambo ya umeme ya Sondu Miriu hapo jirani, Nyakach, ina uwezo wa megawati 60. Kompyuta 60,000 za namna hiyo zingeimaliza yote. Mradi wa Last Mile uliozinduliwa mwaka 2015 ulishusha ada ya kuunganishiwa stima kutoka shilingi 35,000 hadi 15,000 na kuingiza mwanga katika nyumba nyingi za mashambani, lakini nyumba hizo hugawana transfoma, na umeme hupanda na kushuka. Nyanda za juu za Gusii zinajulikana pia kwa radi. Kadi ya dola elfu moja inaungua sawa na redio.

Kwa hiyo, kijana, ukikuta GTX 980 mbili na daraja lake dukani, muuzaji akakuambia zitakupa 4K, fahamu kwamba kumbukumbu zake hazijumlishwi: gigabaiti nne na nne zinabaki nne kwa gemu, kwa kuwa kila kadi hubeba nakala yake ya kila kitu. Magemu mengi mapya yataitumia moja tu, na utalipia stima ya mbili. Nunua kadi moja ya karibuni kadiri mfuko unavyoruhusu. Fedha inayobaki itie kwenye pawa saplai ya kuaminika na stebilaiza, na wingu likitanda juu ya Ekerenyo chomoa waya ukutani.

Ila kama kazi yako ni kutengeneza katuni na picha za pande tatu, mambo hubadilika. Blender, programu ya bure ambayo msimbo wake uko wazi kwa kila mtu, inaweza kuzipa kazi kadi mbili au zaidi kwa injini yake ya Cycles bila daraja wala maelekezo ya kampuni, mradi kazi yako itoshe kwenye kumbukumbu ya kila kadi. Filamu ya Flow ya Gints Zilbalodis wa Latvia, iliyotengenezwa kwa Blender, ilishinda tuzo ya Oscar ya filamu ya katuni mwaka 2025. Shule na vyuo vya ufundi vya Nyamira na Kisii vyenye kompyuta vinaweza kuiweka programu hiyo leo bila kulipa hata shilingi. Naviomba viiweke.