Nyotamkia Inayorudi na Nyota Inayolipuka: Ishara za Kuogopwa?

Kila mara mwanga usio wa kawaida unapoonekana angani, waamini huuliza kama mwisho wa nyakati umekaribia. Swali hili linastahili jibu lenye ukweli. Hapa tunaeleza mambo mawili ambayo darubini zimetusaidia kuyafahamu: nyotamkia na nova.

Nyotamkia si kimondo. Kimondo hupita kwa sekunde chache. Nyotamkia huweza kuonekana kwa majuma kadhaa. Ni pande la barafu, vumbi na mawe linalolizunguka Jua. Linapolikaribia, barafu hugeuka kuwa gesi na kubeba vumbi. Mwanga na upepo wa Jua huvisukuma vyote nyuma, ukatokea mkia. Ndiyo maana mkia huelekea upande ulio mbali na Jua.

Mwaka 1705, Edmond Halley wa Uingereza alieleza kwamba nyotamkia zilizoonekana miaka ya 1531, 1607 na 1682 zilikuwa moja, iliyokuwa ikirudi kila baada ya miaka ipatayo 76. Akasema itarudi mwaka 1758. Alifariki mwaka 1742 bila kuishuhudia, lakini usiku wa Noeli wa 1758, Johann Georg Palitzsch, mkulima wa Saksonia huko Ujerumani, aliiona kwa darubini yake. Iliporudi mwaka 1835, wa kwanza kuiona walikuwa Wajesuiti wa Chuo cha Roma, Padre Étienne Dumouchel na Padre Francesco de Vico. Mwezi Machi 1986, chombo cha Ulaya kiitwacho Giotto kilipita umbali wa kilomita 600 hivi kutoka kiini chake, kikakuta kiini cheusi chenye urefu wa kilomita zipatazo 15.

Nova ni jambo jingine. Jina hilo la Kilatini maana yake ni “mpya”, ingawa nyota yenyewe si mpya. Nyota mbili huzungukana. Moja, iliyo ndogo na nzito, huvuta gesi ya mwenzake. Gesi hiyo ikilundikana hulipuka, na nyota iliyokuwa hafifu hung’aa ghafla, kisha hufifia tena. Baadhi hurudia mlipuko huo. RS Ophiuchi ililipuka mwaka 2006, na tena Agosti 2021, ikaonekana hata kwa macho matupu penye giza la kutosha. Darubini za H.E.S.S. zilizoko Namibia, hapa hapa Afrika, zilipokea kutoka kwake miale ya gama yenye nishati kubwa mno.

Kutojua mambo haya kuna gharama. Mwezi Mei 1910, habari zilipoenea kwamba Dunia ingepita katika mkia wa nyotamkia ya Halley, watu wengi waliogopa kufa kwa sumu, na matapeli wakawauzia vidonge vya kujikinga. Siku ikapita salama. Hata leo, anayetangaza maangamizi kwa kuonyesha nyota, kisha akaomba sadaka, anafanya biashara ile ile.

Nabii Yeremia aliwaonya Waisraeli wasitishwe na ishara za mbinguni (Yer 10:2). Katekisimu ya Kanisa Katoliki (na. 2116) inakataa kusoma nyota ili kujua yajayo. Lakini Kanisa halikatazi kuzichunguza: mwaka 1891, Papa Leo XIII aliimarisha upya kituo cha Vatican cha kuchunguza anga, nacho kinafanya kazi hadi leo. Tofauti ni hii: Halley hakupiga ramli, alipiga hesabu, na hesabu yake ikathibitishwa na wengine.

Nyotamkia hiyo itarudi mwaka 2061. Watoto tunaowabatiza sasa watakuwa watu wazima. Tuwafundishe mapema, ili siku hiyo watoke nje kuitazama kwa furaha, wakimshukuru Muumba, wala wasijifungie ndani kwa hofu.