Utanzu wa muziki si mtindo

Watangazaji wetu wa redio hubadilishana maneno matatu kana kwamba ni mamoja. Leo wimbo una mahadhi ya rege, kesho miondoko ya singeli, keshokutwa mtindo wa taarab. Wanachotafuta ni jina la lile kundi kubwa ambalo msikilizaji akilisikia anajua ategemee nini. Wapo waliokopa na kuandika janra. Mimi nashika utanzu.

Neno hilo, lenye asili ya tawi la mti, lina kazi tayari katika fasihi: mwanafunzi wa sekondari anazijua tanzu za fasihi simulizi pamoja na vipera vyake. Muziki ukilichukua, unachukua na kipera bure.

Kwa nini lisiwe mtindo? Kwa sababu mtindo una mwenyewe. Katika muziki wa dansi wa Tanzania kila bendi ilitamba kwa mtindo wake: Western Jazz walikuwa na Saboso, NUTA Jazz wakapiga Msondo, Mlimani Park wakaja na Sikinde, Maquis na Kamanyola, Safari Sound na Ndekule. Wote hao walipiga dansi. Wimbo huanza na beti za taratibu, kisha chemko linaingia: magitaa yanakaza mwendo, ala za kupuliza zinajibu, na jina la mtindo linatajwa kwa sauti ili ukumbi ujue uko kwa nani. Dansi ikiitwa mtindo, Sikinde itaitwaje? Shabiki wa Msondo hawezi kukubali kwamba yeye na wa Sikinde wana mtindo mmoja, na hakosei. Dansi ni utanzu. Sikinde ni mtindo ndani yake. Mahadhi tuyaachie sauti, miondoko tuiachie miili inayocheza.

Maana ya utanzu wenyewe aliieleza vizuri Mwitalia Franco Fabbri mwanzoni mwa miaka ya 1980: ni matukio ya kimuziki yanayoongozwa na kanuni ambazo jamii imezikubali. Uzito uko kwenye kukubali. Wapigaji peke yao hawaundi utanzu, wala ala haziuundi.

Tazama taarab. Nadi Ikhwan Safaa, kikundi kilichoanzishwa Unguja mwaka 1905, kinajulikana kwa udi, kanuni na fidla. Miaka ya 1990 kinanda cha umeme kikameza kazi ya ala nyingi, mipasho ikakolea, waliozoea kukaa vitini wakainuka kucheza. Wapenzi wa taarab asilia wakasema hii si taarab. Lakini angalia ukumbini: mwanamke anausubiri ubeti wake, ukifika anainuka na noti mkononi, anakwenda kumtunza mwimbaji polepole, jicho likiwa kwa aliyekusudiwa. Hakuna aliyetajwa jina, na ujumbe umefika. Kanuni hiyo ya fumbo na kutunza imevuka salama kutoka okestra hadi kinanda, ndiyo maana watu waliendelea kusema taarab, wakaongeza tu "ya kisasa". Naona wana haki.

Singeli nayo, yenye kasi inayoweza kupita mapigo 200 kwa dakika, iliitwa uhuni na wengi. Vijana wa uswahilini Dar es Salaam hawakungoja ruhusa. Waliicheza kwenye sherehe za vigodoro na kuipa jina. Mwaka 2017 lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ilipotoa mkusanyiko wa Sounds of Sisso, utanzu ulikuwa umeshakamilika kwa wenyewe. Wageni waliukuta.

Kwa hiyo ndugu watangazaji, wahariri na mnaopanga vipengele vya tuzo: andikeni utanzu pale mnapotaja dansi, taarab, singeli au Bongo Fleva, na kipera kwa matawi yake madogo. Mtindo warudishieni wenye bendi. Na kabla ya kuamua wimbo ni wa utanzu gani, waulizeni wanaoucheza.