Mapafu ya ndama, pumzi ya mtoto njiti

Chupa ya Survanta ikitolewa kwenye friji haipewi mtoto papo hapo. Maelekezo yanataka iachwe nje kwa dakika 20, au muuguzi aishike kiganjani kwa dakika 8, hadi ubaridi uishe. Ndani mna majimaji yenye rangi kati ya nyeupe na kahawia hafifu. Mtoto wa kilo 1 hupewa mililita 4, ambazo hazijazi kijiko cha chai, kupitia mrija mwembamba unaoshuka kwenye njia ya hewa. Dozi hugawanywa mara nne, na kila robo inapoingia mtoto hulazwa mkao mwingine ili dawa isiishie upande mmoja wa mapafu. Baada ya hapo macho yote chumbani huwa kwenye kifua cha mtoto na kwenye kipimo cha oksijeni. Dawa ikishika, kifua kilichokuwa kikizama katikati ya mbavu kwa kila pumzi huanza kutulia.

Majimaji hayo hutoka kwenye mapafu ya ng'ombe waliochinjwa. Sehemu kubwa ya historia yake imeandikwa katika miji miwili ya Marekani: Columbus, jimboni Ohio, na Buffalo, jimboni New York. Hiyo ni miji ambayo wakimbizi wengi kutoka Kongo, Burundi na Somalia wamepata makazi, na Kiswahili kinasikika leo madarasani na kwenye foleni za kliniki. Mama kutoka Uvira, Kongo, akijifungua mtoto njiti huko, dawa iko hatua chache kutoka kitandani. Mdogo wake aliyebaki nyumbani akijifungua mtoto wa umri uleule wa mimba, mambo ni mengine kabisa. Ndiyo maana historia hii inatuhusu.

Mapafu yana mamilioni ya vifuko vidogo vya hewa, na kila kifuko kina unyevu ndani. Maji yana tabia ya kuvutana, na mvutano huo hukifanya kifuko kitake kujikunja kila tunapotoa pumzi. Anayejua taabu ya kufungua mfuko wa nailoni uliolowa, pande zake zikiwa zimegandamana, anaelewa kazi anayoifanya mtoto ambaye mapafu yake hayajakomaa. Sisi wengine tunasaidiwa na surfaktanti, mchanganyiko wa mafuta na protini unaotandazwa juu ya unyevu huo na kuupunguzia mvutano. Seli za mapafu huutengeneza kwa wingi katika wiki za mwisho za ujauzito. Anayezaliwa kabla ya wiki hizo anakuja duniani bila akiba ya kutosha.

Wa kwanza kuonyesha nguvu ya mvutano huo ni Kurt von Neergaard, daktari aliyekuwa akifanya kazi Uswisi. Mwaka 1929 alijaza hewa kwenye mapafu ya nguruwe, kisha akayajaza maji, na akaona kuwa kuyatanua kwa maji kulihitaji nguvu ndogo zaidi. Kwa nini? Kwa sababu palipojaa maji hapana tena uso wa maji na hewa kukutana. Ugunduzi huo ulikaa zaidi ya miaka 25 bila kufuatiliwa, na uliofufua jambo hilo ulikuwa utafiti wa gesi za vita. Huko Porton Down, Uingereza, Richard Pattle alitazama povu linalotoka kwenye mapafu yaliyojaa maji, akashangaa kuona viputo vyake havipasuki. Aliandika hayo mwaka 1955. Huko Edgewood, Maryland, kwenye kituo cha kemikali cha jeshi la Marekani, John Clements alipima mvutano wenyewe na kutoa matokeo yake mwaka 1957.

Aliyeuunganisha ujuzi huo na kitanda cha mtoto ni Mary Ellen Avery. Alikuwa daktari kijana aliyewahi kuugua kifua kikuu, na ugonjwa huo ulimfanya ayapende mapafu kama somo la maisha yake. Alisafiri kwenda kwa Clements kuona vifaa vyake, akarudi Boston na kuanza kupima mapafu ya watoto waliofariki. Wakati huo madaktari wengi walikuwa wameukazia macho utando unaong'aa waliouona ndani ya mapafu hayo, wakidhani ndio unaoziba pumzi. Mwaka 1959 Avery na Jere Mead walionyesha kuwa kilichoua ni kitu kilichokosekana: surfaktanti. Kwa maoni yangu hii ni moja ya kazi kubwa za tiba ya watoto za karne ile, kwa kuwa iligeuza swali zima. Badala ya kutafuta cha kuondoa, watafiti wakaanza kutafuta cha kuongeza.

Jibu lilichelewa. Agosti 1963 Patrick, mtoto wa Rais John F. Kennedy, alizaliwa wiki tano na nusu kabla ya wakati akiwa na kilo 2 na ushei. Alifariki baada ya siku mbili. Rais wa nchi tajiri kuliko zote hakuwa na dawa ya kumnunulia mwanawe, kwa sababu haikuwepo popote. Katika muongo huohuo madaktari walijaribu kuwapulizia watoto mafuta makuu ya surfaktanti peke yake, bila mafanikio. Baadaye ilieleweka kwamba mafuta hayo pekee hayasambai upesi yasiposaidiwa na protini zake.

Mwaka 1972, huko Sweden, Göran Enhörning na Bengt Robertson waliwapa sungura wachanga waliozaliwa mapema surfaktanti iliyotolewa kwenye mapafu ya sungura wazima, na mapafu yakafunguka. Mwaka 1980 Tetsuro Fujiwara wa Japani alitangaza matokeo ya watoto 10 waliopewa surfaktanti iliyotokana na ng'ombe. Hapo ndipo Columbus inapoingia. Ross Laboratories, kampuni ya mji huo, ilianza mwaka 1903 kama biashara ya maziwa na ikajulikana duniani kwa maziwa ya watoto ya Similac. Baadaye ikawa sehemu ya Abbott. Kampuni hiyo ndiyo iliyoikuza njia ya Fujiwara ikawa Survanta, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1991, mwaka mmoja baada ya Exosurf, dawa ya maabara iliyotokana na kazi ya Clements.

Buffalo ilikwenda kwa njia yake. Chuo Kikuu cha mji huo kilikuwa na sifa ya fiziolojia ya upumuaji tangu Hermann Rahn alipohamia huko katika miaka ya 1950. Enhörning mwenyewe hatimaye alifanya kazi huko. Daktari wa watoto Edmund Egan, pamoja na Robert Notter na Donald Shapiro wa mji jirani wa Rochester, walitumia mapafu ya ndama. Hawakuyasaga, waliyasuuza kwa maji ya chumvi, kisha wakatenga mafuta na protini zilizotoka na maji hayo. Mwaka 1985 walichapisha jaribio lililofanywa kwa watoto waliozaliwa mapema mno, na mwaka huohuo Egan akaanzisha kampuni ndogo ya ONY ili dawa itengenezwe palepale. Infasurf ikaidhinishwa mwaka 1998. Hesabu mwenyewe: miaka 13 kati ya jaribio na kibali.

Kampuni hiyo iliingia pia kwenye historia ya sheria. Makala ya kisayansi ilipodai kuwa watoto waliopewa dawa ya mshindani, itokanayo na nguruwe, walikufa wachache kuliko waliopewa Infasurf, ONY ilikwenda mahakamani. Mwaka 2013 mahakama ya rufaa iliamua kwamba hitimisho la kisayansi kuhusu jambo linalobishaniwa, kama takwimu zake hazikughushiwa, lijibiwe na wanasayansi wengine wala si na hakimu. Nadhani uamuzi huo ulikuwa sahihi.

Baada ya ushindi kwa watoto wachanga, wengi walitegemea kuwa watu wazima nao wangepona kwa dawa hiyohiyo. Mwaka 1967 Ashbaugh, Petty na wenzao wa Denver walikuwa wameeleza wagonjwa 12 ambao mapafu yao yaligoma ghafla baada ya majeraha au maambukizi, kwa namna iliyofanana na ya watoto njiti. Matumaini yalikuwa makubwa, lakini jaribio la mwaka 1996 lililohusisha wagonjwa 725, sehemu yao wakivutishwa Exosurf, lilitoa jibu la kukatisha tamaa: asilimia 41 walifariki katika kila kundi. Kasoro ya mtoto njiti ni upungufu, ilhali pafu la mtu mzima limejeruhiwa. Protini za damu huvuja ndani ya vifuko na kuiharibu hata surfaktanti mpya; Bruce Holm, mtafiti aliyefanya kazi Buffalo kwa miaka mingi, alikuwa miongoni mwa walioonyesha jinsi hilo linavyotokea.

Buffalo ilijaribu hata kupumua kimiminika. Katika miaka ya 1960 Johannes Kylstra alichunguza huko wanyama waliopumua maji ya chumvi yaliyoshindiliwa oksijeni, na mwaka 1996 Corinne Leach na wenzake waliripoti watoto njiti 13 waliojazwa mapafuni kimiminika kinachobeba oksijeni. Kwa watu wazima njia hiyo haikufaulu. Kilichookoa wengi kilikuwa jambo la kawaida tu: jaribio la wagonjwa 861 lililochapishwa mwaka 2000 lilionyesha kuwa mashine ya kupumulia ikisukuma hewa kidogo kwa kila pumzi, vifo vinashuka kutoka asilimia 39.8 hadi 31. Mwaka 2020 wakati wa UVIKO-19, deksamethasoni, dawa ya bei ndogo iliyo katika kila duka kubwa la dawa, ilipunguza vifo vya waliokuwa kwenye mashine.

Dawa hiyohiyo ndiyo inayoturudisha kwa mtoto njiti. Mwaka 1972 Liggins na Howie wa New Zealand walionyesha kuwa sindano za dawa ya jamii hiyo, akipewa mama anayekaribia kujifungua mapema, huyakomaza mapafu ya mtoto tumboni. Shirika la Afya Duniani lilipoijaribu deksamethasoni katika nchi tano, Kenya ikiwemo, vifo vya watoto wachanga vilishuka kutoka asilimia 23.5 hadi 19.6. Matokeo hayo yalitangazwa mwaka 2020.

Surfaktanti yenyewe imo katika orodha ya shirika hilo ya dawa muhimu za watoto. Chupa moja huuzwa kwa mamia ya dola, inahitaji friji isiyokatikiwa umeme na mkono unaojua kuingiza mrija kwenye njia ya hewa nyembamba mno. Hospitali zetu nyingi za wilaya hazina vyote hivyo kwa pamoja. Zinachoweza kuwa nacho kesho asubuhi ni deksamethasoni, mashine ya kusukuma hewa puani ambayo mrija wake huishia ndani ya chupa ya maji, na mama kumkumbatia mtoto ngozi kwa ngozi.

Kwa hiyo wanaopanga bajeti za afya, kuanzia halmashauri na kaunti, waanze na hivyo vitatu mwaka huu wa fedha, huku serikali zetu zikiungana kununua surfaktanti kwa pamoja ili bei ishuke. Na wewe mama mjamzito, ukipata uchungu kabla ya wakati, usisubiri nyumbani. Wahi hospitali, na umuulize daktari kuhusu sindano ya kukomaza mapafu ya mtoto.