Chango, si Msokoto: Jina la Tumbo la Farasi na Punda

Mzee mmoja wa Kimaasai wa Melela, wilayani Mvomero, alikuwa amesimama kando ya punda wake aliyegoma kula tangu alfajiri. Kijana wa mifugo aliyefika kwa pikipiki alimpa shikamoo, akamkagua mnyama, akafungua kijitabu cha mafunzo alichopewa kazini na kumsomea jina la tatizo: msokoto wa tumbo. Mzee akauliza, "Amesokotwa na nini, mwanangu?" Kisha akawaita vijana wawili, wakamlaza punda chini, wakambiringisha upande wa pili ili kilichosokotwa kisokotolewe.

Mzee hakukosea. Aliambiwa tumbo limesokotwa, akafanya kile ambacho mtu yeyote mwenye akili hufanya akikuta kamba imejisokota. Lililokosea ni neno, na walioliweka kijitabuni.

Wasomaji wa safu hii wanaifahamu koliki ya farasi, ambayo kijitabu kimeiita msokoto wa tumbo, basi haina haja ya kuelezwa kwa kirefu. Ni maumivu ya tumbo yanayompata farasi, punda au baghala, na ndiyo sababu mojawapo kubwa ya vifo vya wanyama hawa popote wanapofugwa. Jambo la kukazia ni moja tu: koliki si ugonjwa mmoja. Ni kilio cha tumbo chenye sababu nyingi. Gesi inaweza kujaa, chakula kikavu kinaweza kukwama kwenye kona nyembamba ya utumbo mpana karibu na nyonga, mchanga unaweza kutuama, minyoo inaweza kuziba njia. Mara chache, utumbo wenyewe hujizungusha na kujinyonga. Farasi hawezi kutapika, kwa hiyo kinachoingia kina njia moja tu ya kutokea, na njia hiyo ikifungwa mlango wa dharura haupo.

Sasa litazamwe neno "msokoto". Shina lake ni sokota, yaani kuzungusha nyuzi au majani mpaka yashikane. Wanawake husokota nywele, wavuvi husokota kamba, wavutaji husokota tumbaku. Anayefungua gazeti la Tanzania hukutana na nomino hii zaidi kwenye habari za polisi kuliko za afya: mtuhumiwa amekamatwa na misokoto kadhaa ya bangi. Katika matumizi yote hayo picha ni moja, ya kitu kilichozungushwa. Neno hili halina nafasi ya gesi, wala mchanga, wala chakula kilichokwama. Limeichukua sababu moja, tena iliyo adimu, likaitawaza juu ya zote.

Kuna watakaojibu kwamba Waswahili husema "tumbo linanisokota", na ni kweli, husema kila siku. Lakini anayesema hivyo ni mgonjwa mwenyewe anayeeleza anavyojisikia ndani, na kitenzi humtosha. Farasi haelezi anavyojisikia. Anayempa jina ni mtu wa nje, na jina atakalolitoa ndilo litakaloamua mkono wa mfugaji uende wapi. Kitenzi cha mgonjwa hakigeuzwi kuwa istilahi ya daktari kwa kukibandika m- mbele na -o nyuma.

Ubaya mkubwa zaidi ni kwamba utumbo uliojizungusha kweli, ule ambao dawa yake ni upasuaji ndani ya saa chache, umenyang'anywa jina lake. Daktari akitaka kutofautisha tumbo lililojaa gesi na utumbo uliojinyonga, atasemaje? Msokoto usio na msokoto? Msokoto wenye msokoto? Kamati ya istilahi iliyopitisha neno hilo haikujiuliza swali hilo.

Neno lenyewe lipo, na lilikuwepo kabla ya kamati zote. Ni chango.

Kamusi za Kiswahili zinalipa chango maana ya utumbo mwembamba, na pia ya minyoo ya tumboni. Watu wa kawaida wamekwenda mbali zaidi. Mwanamke anayeumwa tumbo wakati wa hedhi husema ana chango, au chango la uzazi. Kichanga kinacholia usiku huku kikikunja miguu tumboni, bibi yake atasema kina chango, na wengine watasema mchango. Katika masoko ya Morogoro, kama katika miji mingine ya nchi, wauza miti shamba hupanga mizizi chini na mteja huulizia dawa ya chango bila kuongeza maelezo. Hivyo jina la kiungo limekuwa jina la maumivu ya kiungo hicho. Hakuna aliyeagiza iwe hivyo. Lugha ilijiendea yenyewe.

Hapa ndipo uzuri wa neno unapoonekana, kwa sababu Wagiriki walipita njia hiyohiyo. Utumbo mpana waliuita kolon, na maumivu yake wakayatolea jina humohumo. Waarabu wakalipokea, likawa qulanj, na Ibn Sina, tabibu aliyefariki mwaka 1037, akaliandikia risala nzima. Lugha za Ulaya zikalichukua, na leo linarejea kwetu kama "koliki", limechoka kwa safari na halina maana yoyote kwa mfugaji wa Mvomero. Wanaotaka koliki iingizwe kamusini hawana kosa la kimantiki. Kosa lao ni uvivu wa kutazama nyumbani. Kiswahili kilikwisha kupita hatua ileile, kutoka kiungo hadi maumivu, bila msaada wa Athene wala Baghdad. Je, istilahi hutafutwa mbali pale tu ambapo ya karibu haionekani kuwa na hadhi?

Pingamizi la kwanza linalotolewa ni kwamba chango ni minyoo, kwa hiyo neno litawapotosha watu wadhani kila tumbo la farasi ni minyoo. Historia ya njia ya misafara ya kupanda bara kutoka pwani ina jibu. Machi 1871 Henry Morton Stanley aliondoka Bagamoyo, msafara wake wote ukiwa na farasi wawili na punda 27, safari iliyompitisha Simbamwenni, mji uliozungushiwa ukuta chini ya milima ya Uluguru, hapa ulipo mji wa Morogoro. Farasi hawakuiona milima hiyo. Wa kijivu, zawadi ya Sultani Barghash wa Zanzibar, alikufa kwenye kijiji alichokiandika Kingaru, na wa pili akafa muda mfupi baadaye. Mtawala wa kijiji alidai malipo kwa sababu mzoga ulizikwa katika ardhi yake. Stanley alikuwa amempasua yule wa kijivu. Ndani ya tumbo aliona minyoo mifupi minene ishirini na mitano imeng'ang'ania ukuta wake kama ruba, na matumbo yamejaa minyoo mirefu myeupe. Ile mifupi, kwa jinsi alivyoieleza, huenda ilikuwa mabuu ya nzi wa farasi, ambayo hukua humohumo tumboni.

Mfugaji wa Kiswahili angekiita kilichomo tumboni humo chango, na maumivu yaliyotokana nacho chango pia, na asingekosea hata kidogo. Maana hizi mbili zinakaa pamoja tangu zamani bila kugombana. Anayetaka kutofautisha ataongeza neno: chango la minyoo, chango la riahi kwa gesi, chango la kuziba, chango la mchanga, na, kwa ule utumbo uliojinyonga, chango la msokoto. Hapo msokoto hupata kazi yake halali, tena ya heshima. Neno moja limezaa matano yanayoeleweka Melela na Lamu vilevile. Huko Lamu, chango la mchanga si jambo la kufikirika: ni kisiwa ambako punda hubeba mawe, saruji na watu, na ambako zahanati ya kuwatibu ilifunguliwa mwaka 1987.

Pingamizi la pili ni la kudharau: kwamba chango ni neno la waganga na bibi, halifai kuandikwa na daktari. Mwandishi wa makala haya alilisikia pingamizi hili kwa masikio yake katika kikao kimoja cha istilahi, alikopeleka pendekezo la chango likiwa limeandikwa kurasa nne. Lilirudishwa kabla ukurasa wa pili haujafunguliwa. Mjumbe mmoja alisema neno hilo "lina harufu ya uvunguni". Hakuna aliyempinga.

Ajibiwe basi kwa neno pepopunda. Kadi za chanjo zimeliandika, wauguzi hulitamka kliniki kila siku, na limeundwa kwa pepo na punda. Limebeba imani ya mashetani na mnyama wa mizigo kwa pamoja, na bado hakuna kamati iliyowahi kusema lina harufu. Tena walioliunda waliona vizuri. Farasi na punda ni miongoni mwa wanyama wanaodhuriwa sana na ugonjwa huo. Jeraha dogo la ukwatoni linatosha, na baada ya siku kadhaa mnyama husimama miguu imetanuka na kukakamaa kama ya meza, masikio wima, taya zimefunga. Aliyemwona punda katika hali hiyo hahitaji kuelezwa jina lilitoka wapi. Na si hilo tu. Kimeta, chambavu, sotoka, kideri, yote ni maneno ya wafugaji kabla hayajawa ya ofisi za mifugo, na ndigana inasikika wazi kuwa jirani wa oltikana ya Kimaasai. Sehemu kubwa ya orodha ya magonjwa ya mifugo ya Tanzania imejengwa kwa maneno ya zizini. Kwa nini farasi peke yake atafutiwe neno la ukumbini?

Pingamizi la tatu, kwamba mchango ni fedha za harusi, halihitaji aya nzima. Linalopendekezwa ni chango, bila m-. La nne, kwamba chango ni utumbo mwembamba ilhali farasi huumwa zaidi utumbo mpana, ni la haki zaidi, lakini lina jibu jepesi: anayesema "moyo unaniuma" baada ya kufiwa hajatoa ripoti ya mishipa. Jina la maumivu huanzia mahali pamoja, likatanda.

Inafaa kukumbukwa jambo hili linazungumzwa wapi. Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, kilichopata jina hilo mwaka 1984, kiko hapa chini ya Uluguru, na ndiko kunakosomewa udaktari wa mifugo. Masomo hutolewa kwa Kiingereza. Mhitimu hupelekwa kijijini, na huko huzungumza Kiswahili na watu wenye wanyama. Farasi ni wachache nchini, wengi wao wa polisi na wa wapanda farasi wa mijini na wa kitalii, kwa kuwa mbung'o na magonjwa yanayoletwa na wadudu viliwafungia njia tangu zamani. Milimani kwenyewe, kuanzia Mgeta hadi Matombo, aghalabu mzigo bado hupanda na kushuka kichwani mwa mtu. Lakini kwenye tambarare za Mvomero na Kilosa punda hubeba maji kila siku, na chango humpata punda kama linavyompata farasi, isipokuwa punda hulificha. Farasi huchimba ardhi kwa kwato, hugeuka kutazama ubavu wake, hutoka jasho, hujiangusha na kugaagaa. Punda husimama tu, masikio yameshuka, hali. Punda asiyekula ni mgonjwa mpaka ithibitike vinginevyo.

Kwa matumizi, kwa ufupi. Mwenye farasi au punda aliyeshikwa na chango aondoe chakula, amwite daktari mara moja, na amtembeze mnyama taratibu ikiwa anataka kujibwaga na kujiumiza. Wakati wa kusubiri apime mapigo chini ya taya: farasi mzima aliyetulia huwa na mapigo 28 hadi 44 kwa dakika, na yakizidi 60 hali ni mbaya. Afunue mdomo atazame fizi. Zikiwa za waridi ni nafuu, zikiwa nyekundu iliyokolea au za zambarau ni hatari. Atege sikio ubavuni, kwani tumbo lililonyamaza kabisa linatisha kuliko linalonguruma. Asimbiringishe. Asimmiminie kitu chochote mdomoni kwa chupa, kwa maana kinaweza kuingia mapafuni.

Na lipo neno jingine la kuangaliwa hapo, linaloua haraka kuliko msokoto. Daktari hupitisha mpira puani hadi tumboni na kuteremsha mafuta ya parafini, yale meupe mazito ya duka la dawa, ili kulainisha kilichokwama. Lakini Kenya, na kwa baadhi ya watu upande huu wa mpaka, parafini ni mafuta ya taa. Kijitabu kile kimeandika "mpe parafini" na kuishia hapo.

Kijitabu hicho bado kinagawiwa. Wenye mamlaka nacho wanaombwa mambo mawili katika toleo lijalo: parafini iandikwe "mafuta mazito ya hospitali, si mafuta ya taa", na mahali pote palipoandikwa msokoto wa tumbo paandikwe chango. Neno msokoto liachiwe utumbo uliojinyonga.